Hukuirudisha Sura ya Tano

Mwalimu,

Nina hasira na wewe. Nimeliweka hilo mbele kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtafiti aeleze hali yake kabla hajaeleza ya wengine. Hali yangu ndiyo hiyo. Nimekaa mezani kwangu hapa Nshambya, mvua imekatika sasa hivi, chai imepoa, na kama ingewezekana ningekuja Kagoma, kwenye kibanja cha kwenu tulikokulaza katikati ya migomba, nikugombeze ana kwa ana.

Barua hii haitasomwa na mtu mwingine. Nikiimaliza nitaitia motoni, maana ina siri za watu, na siri za watu zimeshatutesa vya kutosha.

Watu wanakusifu sana. Tangu tukuzike sijakaa kwenye kikao hata kimoja bila mtu kusimama na kueleza ulivyoibeba elimu ya watu wazima mgongoni, ulivyokataa kuandika kwa Kiingereza mambo ya watu wasiokijua, ulivyokaa mkekani na akina mama wa darasa la ngumbaru wakati wenzako wa chuo wakituma madodoso kwa basi. Ni kweli yote. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyebeba kinasa sauti na betri za akiba. Lakini nikizisikia sifa hizo natoka nje, kwa sababu kuna kosa lako ninalolijua mimi, na kosa hilo limemtoa mwanamke nyumbani kwake akiwa na mvi kichwani. Safari hii hutanikatiza. Nitaongea hadi nimalize.

Unaukumbuka mwaka wa tasnifu yangu? Mimi siwezi kuusahau. Nilikuwa nimewahoji wanafunzi wa darasa la jioni la Kagondo, nikanukuu kanda zote kutoka Kihaya kwenda Kiswahili mpaka masikio yakauma, nikaandika, nikaijalidi, nikakuletea nikiwa nimevaa gauni jipya. Hukuuliza habari ya nadharia wala ya marejeo. Uliuliza neno moja: "Umewasomea?" Nikaanza kueleza kwamba barabara ilikuwa na matope, kwamba mitihani ilinibana, kwamba wengine walikuwa wamesafiri. Ukaifunga ile tasnifu taratibu, ukaisukuma upande wangu wa meza. "Hujamaliza. Umechukua tu." Na hukusaini.

Mwaka mzima, Mwalimu. Wenzangu wakavaa majoho, wakapiga picha na wazazi wao, mimi niko Kagondo nazunguka jiko kwa jiko nikimsomea kila mtu maneno yake. Nilikuchukia. Baba yangu alikuchukia zaidi, akawa anakuita yule mama wa Muleba. Lakini nilipokuwa nasoma nikaanza kuona ulichokuwa unakitafuta. Mzee mmoja alinisimamisha katikati ya sentensi akaniambia alichosema siku ile kilikuwa cha hasira, nikifute. Mama mmoja aliomba nimwongezee kitu alichokuwa amekisahau, na hicho ndicho kikawa kiini cha sura nzima. Na kila mmoja alijichagulia jina la kubuni hapo hapo, kwa kuwa sheria yako ilikuwa kwamba mwenye maneno ndiye anayejua ni jina gani halitamletea mtu matatizo. Mama mmoja alilikataa jina nililompendekezea kwa sababu jirani yake wa pili aliitwa hivyo. Nilicheka, nikaandika lingine.

Wewe ulinifundisha hilo. Ukanitesa mwaka mzima ili nilijue.

Sasa twende Kagoma. Darasa lako pale ulilipenda kuliko hata ofisi yako, hilo halina ubishi. Ulikuwa unafika umekunja sketi, unapewa kahawa ya kutafuna, unachukua punje nyingi kuliko adabu inavyoruhusu, nyingine unazitia kwenye mfuko wa kinasa sauti. Mpaka leo nikiufungua mfuko ule unanukia kahawa. Ulikaa na wale akina mama likizo baada ya likizo. Walipoanza walikuwa wanashika penseli kwa ngumi. Walipomaliza walikuwa wanasoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, wanabishana nayo.

Mmoja wao alikupa yale maneno. Sitamtaja hata hapa. Ni mimi niliyeinukuu kanda ile, naijua sauti yake, najua alikohoa wapi. Alikueleza kwamba mumewe hakujua kwamba amejifunza kusoma. Alidhani darasani wanashona vitambaa. Kwa hiyo aliacha karatasi zake mezani bila wasiwasi, na siku moja, akiwa anafagia, mama yule akauona wosia ambao mume aliuandika kwa mkono wake mwenyewe: kibanja kiende kwa watoto wa kaka yake, kwa kuwa wao wana mabinti tu. Akaurudisha ulipokuwa, akaendelea kufagia. Miaka minne alikaa akijifanya hajui kusoma, akisoma kila kitu. Ulipoyasikia yale ulinishika mkono kwenye gari tukirudi Bukoba na ukasema hii ndiyo sura ya tano, hii ndiyo kitabu chenyewe. Nikakuuliza tutarudi lini kumsomea. Ukasema likizo ijayo.

Likizo ijayo hukuja. Uliniambia ni vidonda vya tumbo.

Kitabu kikatoka miezi miwili baada ya mazishi. Boksi likafika Kagoma kama ulivyokuwa umeagiza, tukagawa nakala darasani. Sikuwa nimekisoma, Mwalimu, nakiri. Picha yako ilikuwa nyuma ya jalada, unatabasamu upande kama unayetaka kumkosoa mtu, na kila nilipokishika nilikirudisha mezani. Ma Kokugonza, mwanafunzi mwingine kabisa, si yule wa kanda, alikaa benchi la mbele kama kawaida yake. Akafunua kurasa, akapitisha kidole, akapiga kelele, "Waitu, mimi nimo humu!" Aliona jina lake limeandikwa kitabuni. Wenzake wakamcheka, na yeye akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Na mimi mpumbavu nikafurahi. Nikafikiri labda umewashukuru wanafunzi kwenye dibaji.

Alikimbia nacho nyumbani. Mumewe, Ta Laurian, ni mzee wa kanisa pale usharikani, unamkumbuka, yule mrefu anayetembea na kitabu cha nyimbo kwapani hata akienda kuangalia mbuzi. Ma Kokugonza akamkalisha uani baada ya chakula cha mchana. Jirani zake wawili walikuwa pale wanapukuchua maharage. Akafungua palipokuwa na jina lake, akaanza kumsomea mumewe kwa sauti, kwa madaha, kama mtu anayesoma somo la kwanza siku ya Pasaka. "Kokugonza anasema: mume wangu hajui kwamba najua kusoma." Aliendelea. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri mbele kidogo itaeleweka, kwamba Mwalimu hawezi kuandika uongo, lazima kuna mahali atarekebisha. Kwa hiyo akasoma wosia, akasoma kibanja, akasoma mabinti. Na wao pia wana mabinti watupu. Alipoinua macho, jirani zake walikuwa wameacha kupukuchua.

Hivi ulifikiri nini? Maisha yako yote umefundisha watu wazima kusoma. Umepigania kitabu kiandikwe kwa lugha wanayoisoma. Umeagiza kwa mwandiko wako boksi lipelekwe mlangoni kwao. Halafu ukaandika kana kwamba hawatasoma! Profesa wa ngumbaru umesahau kwamba ngumbaru wako wamehitimu. Siku nyingine ningecheka hadi nikuangukie mikononi, na wewe ungecheka pamoja nami.

Kagoma hawakucheka, au tuseme walicheka vibaya. Kwenye vilabu vya pombe Ta Laurian alipopita waliambiana kwa sauti wafiche karatasi zao. Wazee wenzake wa kanisa wakamwita. Alisema hajawahi kuandika wosia wowote. Wakamjibu kwamba kila mwanamume angesema hivyo. Mmoja akamwekea kitabu mkononi, akamwambia, haya, tusomee mwenyewe ule ukurasa, utuonyeshe wapi pana uongo. Ta Laurian akakitazama, akakifunga, akainuka, akaondoka. Wakalichukua kuwa jibu.

Wiki ile ile alimwambia mkewe aende kwa binti yao Kagondo akapumzike. Mama akaondoka na mfuko mmoja. Binti yake anaishi vyumba viwili na watoto wanne, na Ma Kokugonza analala sebuleni, anaamka kabla ya wote ili akunje godoro. Mvua za vuli zimemkuta pale, za masika zimemkuta pale.

Niliposikia nilikisoma kitabu kwa siku moja. Kisha nikampigia mkuu wa idara. Alinisikiliza vizuri tu. Akaniita dada yangu. Akasema ni kosa dogo la kiuhariri, toleo lijalo tutabadilisha jina, na kwamba si busara kulisema sasa hivi kabla ya ibada ya shukrani, maana wanakuja watu wazito na lile darasa la Kagoma litapewa jina lako. "Tusimchafue marehemu," akasema. Kosa dogo! Nilitaka kumrushia simu ukutani. Lakini unajua nilijibu nini? Nilisema sawa. Nilisema sawa, Mwalimu, kwa ajili yako, na kila nilipopita Kagondo nilichukua njia ya nyuma ili nisionane na mwanamke yule.

Ndiyo, hasira nyingine ni yangu mwenyewe. Ila hiyo nitabanana nayo mimi. Leo ni zamu yako.

Nilikwenda kumwona hatimaye. Nilitaka anitukane. Alinipa kiti, akanipa ndizi na maharage, akauliza habari za baba. Nilipoanza kueleza kwamba jina ni makosa, kwamba nitakwenda kwa mumewe kumweleza, alinyanyua mkono. "Mwache mzee," akasema. "Usiende kumsumbua." Nikamwambia kwamba si haki, kwamba lazima aseme si yeye aliyetoa maneno yale. Akasema kwa upole ule ule nimwache mzee. Kisha akaniuliza kama nina nakala ya ziada, maana ya kwake ilibaki Kagoma. Bado alikitaka kitabu. Nikalia mbele ya wajukuu zake.

Niliporudi nikafungua maboksi yako. Nilikuwa nimeyaweka chini ya kitanda bila kuyagusa. Katika daftari lako la mwisho la uwandani, kurasa za nyuma, mwandiko umelegea mistari inapanda na kushuka, nikakuta umeandika: "Sura ya 5. Jina? Kokugonza. La bibi. Nimpe." Kumbe ulimpa jina la bibi yako. Ulimpenda mama yule mpaka ukampa kitu chako cha ndani kabisa. Ukiwa kitandani, ukiwa peke yako, bila mtu wa kukwambia kwamba bibi yako si Kokugonza pekee duniani, kwamba mmoja anakaa benchi la mbele kwenye darasa lako mwenyewe. Ulikuwa unamjua! Ulimfundisha kuliandika jina hilo! Ama dawa zilikuwa zimekuchanganya, ama ulikuwa unamwona bibi yako tu. Sijui ipi inaniuma zaidi.

Na ndani ya daftari kulikuwa na karatasi ya hospitali. Nilisoma tarehe. Siku unaniambia habari ya vidonda vya tumbo, ulikuwa umeshajua kwa karibu mwaka.

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Ya nyuma yote yalikuwa mazoezi. Mwaka mzima ulijua huna muda, na mimi niko hapa, mwendo mfupi tu wa gari kufika Kagoma. Ungenipigia. Ungesema, mwanangu, siwezi kusimama, nenda ukamsomee sura ya tano, mwache achague jina. Ningekwenda siku hiyo hiyo, ningekwenda kwa miguu. Ni siku moja ya kazi. Ulichagua kuvunja kanuni yako kubwa kuliko zote badala ya kuniambia unakufa. Hukuniamini na kazi au hukuniamini na huzuni? Nijibu. Miaka yote ile nimekubebea mikoba, nimekunukulia kanda, nimeijua pumzi yako ikoje ukichoka, na bado ukaniona mtu wa kuambiwa vidonda vya tumbo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Ta Laurian, ingawa mkewe alinikataza. Nilikuwa nimejiandaa kama kwenye utetezi wa tasnifu. Nilibeba kitabu, nimeweka alama mahali panapoonyesha kwamba mume wa kwenye kitabu si yeye. Nilimkuta anapogoa migomba. Nyumba ilikuwa safi kwa ule usafi wa mwanamume aliyeachwa, kila kitu kimesimamishwa ukutani. Mjumbe wa usharika njiani alikuwa ameniambia jambo ambalo sikulitilia maanani: kwamba tangu mama aondoke, Ta Laurian amekataa kusoma somo kanisani. Watu wanasema ni majonzi.

Nikampa kitabu, nikamwonyesha mstari, nikamwomba asome mwenyewe aone tofauti. Alikuwa amevaa miwani. Akakishika kitabu kwa mikono miwili. Akakiangalia muda mrefu. Jicho lake lilikuwa limetulia mahali pamoja, halitembei. Mimi nimefundisha watu wazima miaka kumi na mitano, nalijua jicho hilo. Nikakaa kwenye kigogo bila kukaribishwa.

Hajui kusoma, Mwalimu. Hajawahi kujua, alinieleza mwenyewe nilipokifunga kitabu. Waliomfahamu utotoni wamekufa wote, na nyimbo zote za kitabu kile cha kwapani anazijua kwa moyo. Binti yake alikuwa anamsomea somo la Jumapili kila Jumamosi mpaka analikariri neno kwa neno, kisha anasimama kanisani anafunua Biblia na kulitamka huku akipitisha kidole. Binti alipokaribia kuolewa, ni yeye Ta Laurian aliyemwambia mkewe aende ngumbaru. Alimtuma yeye. Alimfulia hata nguo siku za darasa ili asichelewe. Ma Kokugonza alijifunza kusoma ili mumewe aweze kusimama kanisani.

Umeelewa sasa? Katika nyumba zote za Kagoma, jina la bibi yako liliangukia nyumba ambayo mambo yake yalikuwa kinyume kabisa cha sura yako ya tano. Mume asiyeweza kuandika hata herufi moja ya wosia, anashitakiwa kwa wosia. Na hawezi kujitetea, kwa kuwa wazee walipompa kitabu wakamwambia asome, ilibidi achague kuwa mwongo mbele yao au kuwa uchi mbele yao. Akamwondoa mkewe kwa sababu mama alikuwa amefika mahali pa kutaka kusema ukweli ili amwokoe. "Nilimtuma Kagondo ili asije akasema," akaniambia. Na mama yuko Kagondo anakunja godoro asubuhi, mdomo umefungwa, anailinda heshima ya mzee wake. Kila mmoja ananyamaza kwa ajili ya mwenzake, na mimi nilikuwa nanyamaza kwa ajili yako. Tofauti ni kwamba wao hawakukosea popote.

Nilirudi kwenye kanda zako. Ulimhoji Ma Kokugonza pia, unakumbuka? Ulimuuliza mumewe alilionaje suala la yeye kusoma. Alijibu, "Aliniruhusu vizuri," kisha akanyamaza. Pembeni ya unukuzi wangu uliandika kwa kalamu nyekundu: "Anaficha kitu?" Ndiyo, alikuwa anaficha. Wewe ulifikiri anaficha ukatili. Ulikuwa umekwisha kuwajua wanaume kabla hujafika kwao. Darasa lako lilikuwa hatua chache kutoka kwenye ua wa mwanamume aliyelihitaji kuliko wote, na katika likizo zote zile hukumuuliza hata swali moja. Sikumuuliza na mimi. Nakwambia haya kama mwanafunzi wako: kazi yetu ilikuwa na shimo hapo, na tulilipita kila siku tukiwa na kinasa sauti begani.

Nilimwambia Ta Laurian kwamba naweza kumfundisha. Kwa siri, nyumbani kwake, bila mtu kujua, taratibu. Ndiyo kazi ninayoijua. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto anayejitolea kubeba gunia. "Mimi msomaji wangu yuko Kagondo," akasema. "Mrudishe."

Basi nimeamua, na ndiyo sababu nakuandikia.

Jumapili hii ndiyo ibada yako ya shukrani, kanisani Kagoma. Idara wanakuja na basi lao, na mkuu ameniomba niseme machache kama mwanafunzi wako wa karibu. Ametaja dakika kumi na maneno ya kutia moyo. Asubuhi nitapita Kagondo kumchukua Ma Kokugonza. Nimeshaongea naye, alikataa mara mbili, nilipomwambia kwamba siri ya mzee haitaguswa akauliza kama avae kitenge kipya. Tutaingia pamoja. Nitasimama mbele ya watu wote na kusema kwamba jina lile ni la bibi wa mwandishi, na lilitumika bila kumuuliza mtu. Nitasema maneno ya sura ya tano hayakutoka katika nyumba ya Ta Laurian, hayajawahi kutoka, na kwamba mimi niliyeinukuu kanda naapa hivyo. Nitasema sura ile haikurudishwa kusomwa, na kwamba kutorudisha kulikuwa kosa, na kukaa kimya miezi yote hii kulikuwa kosa langu. Nitawageukia hao wazee wa kanisa niwaambie wamwombe radhi mwenzao. Wakiniuliza basi nani aliyesema, watakaa pale mpaka jioni bila jibu.

Mkuu wa idara anaweza kunifukuza. Wanaweza kukataa kuliita darasa kwa jina lako. Najua ulivyolitaka darasa lile. Nimelia kwa hilo wiki nzima, sikufichi. Lakini mimi ni yule yule uliyemnyima saini. Ukilalamika huko uliko, jilalamikie.

Baada ya hapo nitazichukua sura zako zote zilizobaki, moja moja, nitarudi kwa kila mtu aliyezungumza ndani yake, na nitamsomea kwa Kihaya mpaka aseme inatosha. Kanda zako ziko salama kwangu. Hakuna atakayezisikia. Hilo nakuahidi bila hasira.

Nimekukosa, Mwalimu. Kila nikiandika sentensi ya uvivu nasikia kalamu yako nyekundu inakwaruza. Hakuna wa kunikatalia tena, na wanaonisifu sasa hivi hawanisaidii. Lala, pumzika kwenye migomba ya kwenu, bibi yako yuko pembeni yako, mwombe radhi kwa niaba yetu.

Kwa heri. Jumapili nitasema kwamba mtafiti alikosea, na watu watataka kujua ni mtafiti gani. Wewe sitakubunia jina. Nitakutaja kwa jina lako halisi, lote, kwa sauti.

Mwanafunzi wako,
Editha